Tishari la Mafuta na Meli Iliyonyamaza

Bandarini walimwita Mpishi, ingawa nyumbani kwake hakuaminiwa hata kuchemsha maji. Jina alipewa na mabaharia kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa nahodha wa tishari la mafuta, chombo kipana na kifupi, chenye tumbo kubwa na mwendo wa mtu aliyetoka kula, na kila meli iliyofunga gatini ilimngoja aje kuilisha.

Watu wasioijua bandari hudhani meli ikishafika inalala. Hailali. Injini kubwa ya kusukuma huzimwa, ndiyo, lakini jenereta hubaki zikinguruma mchana kutwa na usiku kucha, maana taa zinataka umeme, pampu zinataka umeme, na makontena ya baridi yaliyopangwa juu ya sitaha, yenye samaki na matunda na dawa za hospitali, yakikosa umeme nusu siku tu, mali imekwisha. Jenereta zinakula dizeli. Dizeli aliileta Mpishi.

Kazi hiyo aliianzia chini kabisa, yaani ndani ya matangi. Alikuwa kijana mwembamba wa kuteleza kwenye mlango wa tangi bila kugusa kingo, akishuka na ndoo na matambara, akitoka mweusi tititi, yanaonekana macho na meno tu. Kutoka hapo akawa wa kamba, kisha wa pampu, kisha akashikishwa usukani. Miaka ilipita na mwili nao ukafuata cheo. Siku hizi kwenye ule mlango wa tangi ungepita mguu wake mmoja na ahadi ya mguu wa pili.

Kitu kimoja kilichomchekesha yeye mwenyewe ni kwamba katika maisha yake yote ya baharini hakuwahi kuvuka maboya ya mwisho wa bandari. Alikuwa mwanamaji anayekula chakula cha jioni kwa mke wake kila siku. Alilisha meli zilizotoka pembe zote za dunia, akajua kutukana kwa lugha nyingi, kisha akafunga kamba na kurudi nyumbani kwa miguu.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma tu ya uzio wa bandari. Watoto walikuwa wamekua na kuhama. Mke wake aliyekuwa mshonaji alifungua dirisha la chumba cha cherehani asubuhi, akalifunga upepo ulipogeuka, kwa sababu upepo wa kutoka magatini ulileta masizi ya jenereta. Yalitua kwenye shuka zilizoanikwa, kwenye vikombe, kwenye magauni ya wateja. Kuna siku alipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akamwonyesha mumewe kidole cheusi.

"Haya, baba watoto. Kazi yako imekuja kunisalimia."

"Mwambie nimetoka," alijibu Mpishi, akaendelea kula mkate.

Lakini masizi yalikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa bahari yenyewe. Zamani, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yalipojaa yalifika ukingo wa gati, yakachungulia, yakarudi. Kisha yakaanza kupanda. Mwanzo watu walipiga picha. Baadaye ikawa kila msimu wa bamvua lango la chini la malori linageuka dimbwi, na msimu mmoja maji yaliingia kwenye chumba cha swichi za umeme yakaunguza kila kitu. Kreni zikasimama mikono juu. Nyuma ya bandari ile zilikuwapo nchi mbili zisizo na pwani, zinazokula kwa kupitia lango lile, na msimu huo mvua zilikuwa zimewakatalia. Nafaka yao ilikaa matumboni mwa meli, malori yao yalipanga foleni hadi nje ya mji, na madereva walipika kando ya barabara kwa siku nyingi kuliko walivyotarajia.

Hapo ndipo wakubwa wa bandari waliposhtuka kweli. Gati likainuliwa. Paa za maghala zikafunikwa kwa sola. Na mwisho ikaja kebo.

Kebo yenyewe ilikuwa wazo rahisi. Meli ikifunga, inachomekwa umeme wa nchi kavu, jenereta zinazimwa, moshi unakoma. Kampuni kubwa ya meli, ile iliyobeba matunda kwenda nje na nafaka kuja ndani, ilikuwa imetangaza kwamba meli zake zitapita kwenye bandari zenye kebo, na zisizo nayo zitafutwa kwenye safari. Kwa hiyo ikapangwa meli moja ya matunda ije kwa majaribio.

Meneja alimwita Mpishi ofisini. Alikuwa mtu mpole, anayependa kuongea huku akipanga kalamu zake.

"Nahodha, nikwambie wazi. Jaribio likifaulu, magati yote yatawekewa kebo, na tishari litaondolewa kwenye kazi mwisho wa mwaka. Likishindwa, hawarudi kujaribu mpaka mwakani, kama watarudi."

"Na sharti la kufaulu ni lipi?"

"Moja tu. Ikishazimwa jenereta, isiwashwe tena mpaka kontena la mwisho lipakiwe. Ikiwashwa hata dakika moja, wanaandika imeshindwa."

"Nimeelewa. Na mimi, bosi?"

Meneja alisogeza kalamu. "Tutaangalia."

Mpishi alikuwa amekaa bandarini vya kutosha kulijua neno hilo. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeangalia bado.

Mambo yangekuwa mepesi kama adui angekuwa mbali. Lakini mkuu wa kikosi cha kebo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi umeme aliyehamia kwao tangu apate kazi ile, akilala kwenye chumba cha cherehani kati ya vitambaa vya watu. Mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, na ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Kila jioni mezani paliwaka.

"Shemeji," alisema jioni moja akijimiminia chai, "wiki hii meli yangu inakuja. Hilo tishari lako ulipeleke likaote jua."

"Likaote jua, kwani kenge?"

"Kenge ana afadhali, hanuki dizeli."

"Na hiyo kebo yako nene kama paja la kiboko, siku ikidumbukia majini tutakula samaki wa kuchoma bila mkaa."

"Ikidumbukia inajizima yenyewe. Wewe mafuta yako yakimwagika yanajizoa?"

"Ahaa! Mimi nimemwaga lini?"

"Dada, hajamwaga?"

Mke wake alikuwa akitoa uzi kwenye pindo kwa meno. "Mimi simo. Mmoja nimeolewa naye, mwingine nilimbeba mgongoni. Mkishamaliza kuuana mnijulishe nani anaosha vyombo."

Walicheka wote watatu. Mpishi naye alicheka. Kisha alikwenda kusimama dirishani, akaliangalia tishari lake pale chini lilipofungwa, limepakwa rangi mpya kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe alimtazama mgongo, akarudi kwenye uzi wake.

Sasa, ili mambo ya siku ya majaribio yaeleweke, lazima kwanza ijulikane desturi moja ya bandari ile. Pale, meli inayonguruma ni meli nzima. Ikinyamaza ghafla, wanasema imekufa. Miaka ya nyuma meli moja ilikufa hivyo siku ya upepo mkali. Mitambo yake ya kukaza kamba ilikosa umeme, kamba zikalegea, zikakatika moja baada ya nyingine, na meli ikazunguka ikapondaponda kona ya gati. Tangu siku hiyo watu wote walijua la kufanya bila kuambiwa. Wafunga kamba wanakimbia kuongeza kamba. Tagi, ile mashua ya kuvuta meli, inapiga honi na kuja kuegemea ubavuni. Na tishari la mafuta linapandisha mpira wake wa kupitishia mafuta juu ya meli hapo hapo, kwa sababu mara nyingi meli hufa kwa kuishiwa mafuta au kwa kunywa mafuta machafu. Kwanza lisha, maswali baadaye. Mpishi mara nyingi alikuwa wa kwanza kufika, na jambo hilo lilimpa heshima ambayo hakuna cheti kingeweza kumpa.

Siku chache kabla ya majaribio kikaitwa kikao. Wafunga kamba walikuwapo, watu wa tagi walikuwapo, Mpishi alikaa mbele. Shemeji yake alieleza polepole: meli itanyamaza, kunyamaza huko ndiko tunakotaka, msishtuke. Wote walitikisa vichwa. Wote walielewa. Ila masikio yao hayakuhudhuria kikao kile.

Meli ya matunda ilifunga asubuhi, bahari shwari. Mhandisi mkuu wa meli, mwanamume mrefu mwenye macho ya kutoamini kitu, alikubali kuzima jenereta kwa sharti kwamba tishari likae ubavuni, endapo umeme wa nchi kavu utamwangusha. Kwa hiyo Mpishi akawa pale pale, upande wa bahari, chini ya ukuta wa chuma wa meli, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Pamoja naye alikuwa fundi wake wa injini, mtu wa umri wake, waliyemwita Kasuku kwa maneno mengi.

"Tumeletwa msibani kwetu wenyewe," alisema Kasuku. "Tena tumewekwa viti vya mbele."

"Kaa kimya."

"Nitakaa kimya mwisho wa mwaka, nikishakosa wa kuongea naye."

Upande wa pili, gatini, kebo ilivutwa na kreni ndogo, ikaingizwa kwenye kisanduku chake ubavuni mwa meli. Shemeji alikagua, akakagua tena, akainua mkono. Mhandisi mkuu alitoa amri ndani. Ngurumo ya jenereta ikapungua, ikawa mvumo, ikawa pumzi, ikaisha.

Kimya kikaangukia gati zima.

Waliokuwapo walisema kwamba hawajawahi kusikia kitu kikubwa kama kile kimya. Kreni zilisita. Mtu aliyekuwa akila ndizi alisimamisha mkono. Kisha miili ikafanya ilichozoea kufanya. Wafunga kamba wawili walitimka wakiburuta kamba nene. Tagi ikapiga honi, ikageuza pua. Na Mpishi, aliyekaa mbele kwenye kikao, aliyeelewa kila neno, alijikuta amesimama, ndoo imebiringika, amefungua pingu za mpira wa mafuta na anapiga mluzi kuelekea juu. Baharia wa zamu naye hakuuliza, akateremsha kamba. Mpira ukafungwa, ukaanza kupanda ukuta wa meli kama nyoka anayerudi kwake.

Mhandisi mkuu alichungulia kutoka sitahani. Aliona tagi inakuja. Aliona mpira wa mafuta unapanda.

"Kebo imekufa?" alipiga kelele.

Hakungoja jibu. Aligeuka na kupaza sauti kwenye mlango wa ngazi: "Kuweni tayari kuwasha jenereta! Nakuja!" Akatoweka.

Gatini, shemeji alikuwa akipunga mikono yote miwili na kupiga mayowe, lakini meli ilikuwa katikati yao na honi ya tagi ilifunika kila kitu.

Ni wakati huo Mpishi alipoyaona maji. Ubavuni mwa meli, hatua chache kutoka alipo, palikuwa na tundu la kutolea maji ya kusawazisha meli wakati mzigo unapakiwa. Maji yalikuwa yakimwagika, mazito, bila kukatika. Maji yale hayatoki bila pampu. Na pampu haizunguki bila umeme.

Kasuku naye aliyaona. Mara hii alisema kwa sauti ya chini.

"Nahodha. Maji yale."

"Nayaona."

"Basi ni nzima."

"Nimesema nayaona."

Mpira uliendelea kupanda. Kasuku alimsogelea mpaka mabega yakagusana.

"Hatujakosea kitu sisi. Tumefuata desturi. Akiwasha, amewasha yeye." Alimeza mate. "Si lazima tuseme lolote, kaka. Tushike tu kamba."

Mpishi alikuwa ameshika kamba. Redio ya mawasiliano ilining'inia shingoni mwake, kama siku zote. Baadaye watu walimuuliza alifikiria nini pale, na hakuweza kuwajibu vizuri. Hakuwafikiria watu wa nchi zisizo na pwani, wala shuka za mkewe. Alikumbuka kwamba rangi ya nyuma ya tishari ilikuwa bado mbichi, na aliona jinsi maji yale yalivyotoka kwa nguvu, meli nzima kabisa, na wao wawili wamesimama chini yake wamejifanya vipofu. Hilo la mwisho lilimkera, kama mtu anapokukanyaga mguu na kuendelea kutabasamu.

Akaibonyeza redio.

"Watu wote, watu wote. Meli ni nzima. Narudia, meli ni nzima, umeme upo, pampu zinafanya kazi. Mtu asiguse jenereta. Tagi, rudi. Mpira wa mafuta ni kosa langu. Naushusha sasa hivi."

Kisha sauti ya mhandisi mkuu ikatoka redioni, ikihema kwa ngazi.

"Tishari, una uhakika?"

"Chungulia tundu lako la maji. Ukiona limekauka, niite mwongo."

Juu, mlango ulibamizwa. Kichwa kikachomoza ukingoni, kikatazama chini kwenye maji, kikamtazama Mpishi, kikatazama tena maji.

"Sawa," kilisema kichwa. "Shusha mpira wako."

Kasuku aliupokea mpira, akaukunja polepole, na mpaka wanaondoka ubavuni hakutoa neno. Kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ugonjwa.

Kontena la mwisho lilipakiwa alasiri ya siku iliyofuata. Jenereta haikuwa imeguswa. Kampuni ikaandika imefaulu.

Mezani jioni hiyo shemeji alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Alipokunywa maji ndipo akaanza.

"Kumbe ulitaka kuilisha meli yangu kwa nguvu, kama mtoto anayekataa uji."

"Ilinyamaza vibaya."

"Nilikwambia itanyamaza! Ulikaa mbele! Ulikuwa unatikisa kichwa!"

"Kichwa kilielewa. Mikono ndiyo ilichelewa kikao."

Mkewe alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Shemeji alicheka pia, kisha akakaa akizungusha glasi.

"Lakini ungeweza kunyamaza na wewe," alisema. "Mimi ningeona tu mpira, na jenereta imewashwa. Nani angejua?"

"Kasuku."

"Kasuku angekuwa upande wako."

"Kasuku hajawahi kuwa upande wa siri," alisema Mpishi, akainuka kukusanya vyombo, jambo ambalo lilimfanya mkewe amwangalie kwa wasiwasi.

Mwisho wa mwaka ulipofika, tishari liliondolewa kwenye kazi ya mafuta, kama ilivyosemwa. Hakukuwa na sherehe. Vijana wa kamba walihamishiwa kwenye maghala. Kasuku alipewa gari la kunyanyulia mizigo na ndani ya mwezi akawa amegombana na kila mtu kwenye ghala lile, akapatana nao tena. Kampuni ya meli ilibaki kwenye safari zake. Msimu uliofuata mvua zilikatika tena huko bara, maji ya bamvua yakaja yakagonga gati lililoinuliwa yakarudi, na malori ya nafaka yakatoka langoni bila foleni ya kuzungumzia. Mpishi aliyaona yakipita. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wasio na zamu, anangoja "tutaangalia" ya meneja izae kitu, na kungoja huko kulimzeesha kidogo.

Ilizaa. Bandari ilikuwa imepitisha amri nyingine: meli zisitupe tena baharini maji machafu yenye mafuta yanayojikusanya tumboni mwake, ziyaache bandarini yakasafishwe. Palihitajika chombo cha kuyakusanya. Matangi ya tishari yalikuwepo. Nahodha alikuwepo.

"Yaani nilikuwa naleta, sasa nazoa," alimwambia meneja.

"Ukitaka kulisema hivyo."

"Lisemwe vipi tena?" aliuliza Mpishi, lakini alikuwa ameshauomba ufunguo wa kufuli la tishari.

Kazi haikuwa tamu. Zamani mabaharia walimpungia mkono akiwa mbali. Sasa walisogea upande wa pili wa sitaha kukwepa harufu. Mkewe alimwekea sabuni nje ya mlango. Shemeji yake alitengeneza utani mpya kila siku, na mwingine haufai kuandikwa.

Siku ya kwanza alifunga ubavuni mwa meli ya nafaka, mpira ukashuka badala ya kupanda, na pampu ya meli ikaanza kumwaga uchafu mweusi kwenye matangi aliyoyasugua ujanani. Meli ilikuwa imechomekwa kebo. Hakukuwa na ngurumo. Mpishi alikaa juu ya ndoo, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya ila kungoja, akaanza kusikia vitu. Maji yakigonga chuma. Viatu vya mtu vikitembea sitahani. Mahali fulani juu kabisa mtu alipiga chafya.

"Pole," alisema Mpishi, kwa sauti ya kawaida tu.

Kisha kichwa cha baharia kikachomoza ukingoni, kikageuka huku na huku, kikatafuta aliyemsikia.